Nyumba Tisa kwa Siku

Jambo hili lote, mwanangu, lilinigharimu wahudumu kumi na tisa, kiti cha ofisi chenye magurudumu, na jogoo mmoja ambaye hakuwa wangu. Nimehesabu mara mbili. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ni ugonjwa wa watu waliolelewa sokoni, na dawa yake sijaiona katika duka lolote la Kitale. Kama huamini habari za wahudumu, subiri, nitakuonyesha walikopotelea. Huyo jogoo nitamweka mwisho, maana shauri lake halijaisha mpaka leo.

Wewe ndiwe uliyenikumbusha, ndiyo maana nakuandikia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ulinionyesha simu yako. Ukaniambia kwamba katika shirika mnalofanyia kazi kule Endebess kila mtu wa kujitolea ana rangi yake: kijani akifanya vizuri, njano akilegea, nyekundu akiwa wa kuachwa. Tena mwisho wa mwezi mnalinganishwa na wenzenu wa Bungoma, ili ijulikane ni nani anayewaongoza watu wake vizuri zaidi. Nikakuuliza, hiyo simu inahesabu nini hasa? Ukasema masaa na nyumba. Nikakurudishia simu yako, ukadhani mama mzee hajaelewa mambo ya simu. Nilielewa, mwanangu. Ni vile tu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, kwa majivuno yale yale, na najua yalinifikisha wapi.

Mama yangu aliuza maharagwe na mahindi katika soko la Kitale. Unalijua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia nafaka. Mchuuzi mjanja huligonga kitako kwa nyundo kikaingia ndani kidogo. Ukipimiwa, unaona limejaa hadi kilele, unashukuru, unaenda nyumbani, kumbe umepunjwa viganja viwili. Kabla sijajua kusoma, mama alinifundisha kwamba bei huulizwa baadaye. Kwanza geuza mkebe, papasa chini. Nilipokuwa msichana nilipapasa mikebe ya soko zima. Nilijulikana mpaka Chwele. Wachuuzi wakiniona natokea upande wa ng'ombe, mmoja alikuwa akisema, "Jipangeni, Nanjala amekuja kupapasa," na wenzake wanacheka, lakini unaona mikebe miwili mitatu ikirudi chini ya meza.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Mtu huyo, aliyegeuza magorogoro ya kaunti mbili, ndiye aliyepunjwa na gorogoro lake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Nilikuwa sijafikisha miaka thelathini shirika moja dogo la msaada liliponiajiri niwaangalie wahudumu wake wa kujitolea. Jina lake halina haja. Lilikuwa na chumba kimoja mjini Kitale, kabati moja, na kile kiti nilichokitaja. Wahudumu walikuwa watu wa kawaida tu, wakulima, wajane, fundi cherehani mmoja, mwalimu mmoja mstaafu. Waliwatembelea wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani. Waliwatekea maji, wakawafulia, wakahakikisha wamemeza dawa, wakawapeleka zahanati ikibidi. Hawakulipwa kitu. Mimi nililipwa kuwaangalia wasiolipwa. Niliona ni biashara ya ajabu kidogo, ila sikuilalamikia.

Shirika lilikuwa na vituo viwili, cha Kitale na cha Bungoma. Siku moja mkurugenzi wetu, mtu mpole aliyevaa sweta hata jua likiwa la kuchoma, akatuita akasema kwamba mwaka unaofuata kungekuwa na uwezo wa kituo kimoja tu. Tungepimwa kwa miezi sita. Kituo kitakachoonyesha kwamba kinawaongoza vizuri watu wake wa kujitolea ndicho kitakachobaki. Kile kingine kitafungwa, na wagonjwa wake watahudumiwa kutoka mbali, gari likipatikana. Sote tuliokuwa pale tulijua maana ya "gari likipatikana." Maana yake ni kwamba hakuna gari.

Akauliza ni nani atakayetengeneza kipimo. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Hebu litazame hilo, mwanangu. Muuzaji wa maharagwe ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza gorogoro, na hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka, na kati ya wote waliokuwemo chumbani, mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Fomu yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kila Ijumaa mhudumu aliandika nyumba alizotembelea, basi. Nilijumlisha nyumba zote, nikagawanya kwa idadi ya waliorudisha fomu, nikapata wastani wa kituo. Pale Kitale nikaongeza la kwangu: karatasi kubwa ukutani, majina yamepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wa kwanza wa kila mwezi akapewa gambuti mpya, vile viatu virefu vya mpira. Wewe unaijua mvua yetu. Gambuti si zawadi ya kudharau.

Nyumba zikaumuka kama unga wa mandazi. Kulikuwa na msichana mmoja, Chebet, mwepesi wa miguu kama watu wa kwao mlimani, akapanda kutoka nyumba tatu kwa siku hadi tano, hadi saba, hadi tisa. Nyumba tisa kwa siku! Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamsifu mpaka akaona haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu shuleni, lakini nilidhani ni ya wagema.

Kutoka Bungoma fomu zilikuja na basi ndani ya bahasha ya kaki. Nyumba mbili kwa siku. Nyingine nyumba moja. Mtu mzima, mwenye miguu yake yote miwili, ametoka asubuhi akarudi jioni, nyumba moja! Nikahesabu tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kitu kilianza kunikereketa. Nyumba moja, siku nzima. Wanafanya nini humo ndani? Nilitaka kujua, kama vile mtu anavyotaka kujua ni kwa nini duka la jirani halifungwi na hali haonekani mteja.

Udadisi huo, mwanangu, ndio kitu pekee nilichokifanya sawasawa katika habari hii yote. Ushike.

Miezi sita ilipokaribia kuisha, mkurugenzi aliniambia wazi kwamba Kitale imeshinda. Akanituma niende nikaone Bungoma mara moja, nichukue madaftari yao, tujiandae kufunga. Nakumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, na harusini nilikula bila kuangalia saa.

Kituo chao hakikuwa mjini. Kilikuwa chumba nyuma ya kinu cha kusaga unga, upande wa Bokoli. Lakini sikwenda kituoni kwanza. Nilikuwa na orodha ya wagonjwa wao mfukoni, nikaona kwa nini niambiwe na hali nina macho? Nikakodi baiskeli ya bodaboda, nikaanza na jina la juu kabisa, Mzee Barasa, mjane mwenye ugonjwa wa sukari, anayeishi peke yake. Mhudumu wake alikuwa ameenda matangani wiki hiyo nzima.

Nilimkuta ameketi mlangoni, blanketi miguuni. Mzee alifurahi, akanikaribisha kwa mikono yote miwili, akaniuliza habari za Kitale, za mvua, za mama yangu ambaye hakumjua. Kisha akamwita jirani akamwambia amkamate jogoo. Nikaangalia saa. Nikamwambia asijisumbue, nimeshukuru, nimeshiba, nina nyumba nyingine za kufika. Nikamuuliza hali. Akasema, "Niko sawa tu, mwanangu." Nikaandika, *Hali nzuri.* Dakika nane. Nikapanda baiskeli.

Kufika saa saba mchana nilikuwa nimemaliza nyumba sita. Nyumba sita kwa asubuhi moja, tena katika kijiji nisichokijua. Nilifika pale kwenye kinu nikiwa na furaha ya mtu aliyenunua kwa bei ya jumla.

Aliyekuwa akikiongoza kituo alikuwa bibi mmoja mkunga mstaafu, watu wote walimwita Kukhu Nekesa, yaani nyanya yao wote. Mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa ameketi katikati ya akina mama waliokuwa wakingojea unga wao. Sikujua kwamba habari zote za Bokoli husagwa pale pamoja na mahindi, na kwamba yangu ilikuwa imeshafika na kuchekechwa. Akanipa kiti, akanimiminia chai, akaniacha nijisifu mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, polepole kabisa:

"Na chai umekunywa kwa nani?"

"Sijakunywa, Kukhu. Sikuwa na nafasi."

"Nyumba sita, hakuna chai hata moja."

"Hakuna."

Akawageukia wale akina mama. "Huyu hajafika mahali. Amepita tu."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema, "Ati hata maji? Si hata polisi hunywa maji, bana." Nami nikacheka, maana mtu wa soko hucheka anapopigwa ili asionekane ameumia. Nikamwomba madaftari.

Akanipa moja, lile la shule, limekunjika pembe. Nikalifungua nikitafuta nyumba. Niliona jina la mhudumu, jina la mgonjwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Halafu kulikuwa na safu moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu: *Alikula nini.* Nikasoma. *Uji wa wimbi, kikombe kimoja. Viazi vitamu viwili na chai ya rangi. Ndizi moja, ya kubeba. Hakupewa kitu.* Hiyo ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili.

Nikamuuliza, kwa heshima kiasi nilichokuwa nacho, kama kile ni kituo au ni hoteli.

Hakukasirika. Alisogeza kiti, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kushika kisu. Alisema mgonjwa asiyeweza kuinuka hana kitu kilichobaki cha kumwambia kwamba yeye bado ni mwenye nyumba, isipokuwa kumpa mgeni chakula. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wengi huisema tu, yeye alikuwa ameiandikia safu. Mhudumu akila, mgonjwa anaongea. Mhudumu akila, yeye naye anarudi wiki ijayo, kwa sababu hakuna anayependa kwenda mahali anapobaki mgeni wa mlangoni. Na siku mgonjwa ambaye hupika asipotoa kitu, basi kuna jambo. Chakula kimeisha, au ameanza kulemewa, au mhudumu amemuudhi. Hapo Kukhu mwenyewe huvaa viatu akaenda kuuliza. Nikamwambia itakuwaje mgonjwa akitoa chakula asichokuwa nacho? Akasema ndiyo maana wahudumu wake huenda wamebeba sukari na unga kidogo, wanaviacha jikoni kimya kimya kabla hawajaketi.

Nikafungua nyuma ya daftari. Kulikuwa na majina ya wahudumu wake wote tangu mwanzo, ishirini na wawili. Mbele ya kila jina ameandika ni nani aliyekuja wiki hii, nani hakuja, na nani ameenda kumuuliza kwa nini hakuja. Nikawahesabu. Waliobaki walikuwa ishirini na mmoja. Mmoja alikuwa ameolewa Busia, na hata huyo alikuwa amemleta dada yake aketi mahali pake. Nikahesabu mara ya pili.

Kukhu alikuwa ananitazama juu ya miwani. "Nasikia wewe ni binti wa soko."

"Ndiyo, Kukhu."

"Nasikia unageuza magorogoro ya watu."

"Nageuza."

"Na hili la kwako, hizi fomu unazotuletea, uliligeuza?"

Mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila mchuuzi, nikainama kwenye kikombe cha chai kana kwamba jibu limezama humo.

Akaendelea bila kupandisha sauti. "Barasa amechinja. Alikutengea firigisi wewe, mwanamke, na unajua wazee wa huku walivyo na firigisi yao, haigawiwi mwanamke. Sasa jogoo yuko sufuriani, na mgeni yuko hapa ananihesabia nyumba. Rudi ukale. Madaftari utayakuta."

Nikarudi. Nilitamani baiskeli ipasuke gurudumu, haikupasuka. Mzee Barasa alikuwa bado pale pale mlangoni, sufuria imefunikwa. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alininawisha mikono, tukala. Nilikula firigisi macho yangu yakiwa chini. Tuliongea habari za marehemu mkewe, za mwanawe aliye mbali, za mbuzi wa jirani wanaokula mboga yake ya sukuma. Saa yangu niliivua nikaitia kwenye mkoba. Tulipokwisha kula, nikaondoa vyombo, nikasuuza, nikarudi kuketi. Ndipo akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Sasa kwa kuwa umekula kwangu, kuna kitu nikuonyeshe."

Akainua blanketi. Mguu wa kushoto, kuanzia kisigino, ulikuwa na kidonda ambacho sitakueleza, maana labda unasoma haya ukila. Harufu yenyewe ilinifanya nielewe kwa nini blanketi lilikunjwa vile. Na kwenye mkoba wangu, juu ya karatasi yenye mihuri, kwa mwandiko wangu mzuri: *Hali nzuri.*

Tulipata pikapu ya wachuuzi waliokuwa wakirudi kutoka sokoni Chwele. Nilishika ule mguu magotini mwangu mpaka hospitalini. Daktari alisema angechelewa siku chache zaidi wangeukata. Hawakuukata. Mzee Barasa anatembea mpaka leo, kwa mkongojo, na kwa hasira juu ya wale mbuzi.

Nilirudi Kitale bila kulala usingizi wa maana. Kitu cha kwanza, niliigeuza fomu yangu, nikapapasa chini.

Kwanza nilikwenda na Chebet kwenye zile nyumba zake tisa. Binti wa watu, hakuwa mwongo. Alifika kweli kila nyumba. Alisimama mlangoni, akabisha, akauliza hali, akaandika, akaondoka. Nyumba ya nne tulimkuta mama mmoja ambaye dawa zake za miezi miwili zilikuwa zimepangwa vizuri dirishani, hazijaguswa. Chebet alilia. Aliniambia, "Mama Nanjala, si ulisema nyumba? Mimi nilikuletea nyumba." Na ni kweli. Niliomba nyumba, nikaletewa nyumba. Kama ningeomba milango angeniletea kumi na tano.

Pili, na hapa ndipo kitako kilipokuwa kimebonyezwa zaidi, nilitoa orodha ya wahudumu wa Kitale tuliyoanza nayo. Thelathini na wanne. Fomu za Ijumaa ile zilikuwa kumi na tano. Nikahesabu tena. Kumi na tano. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kumwandika mtu aliyeondoka. Asiyeleta fomu hakuwepo tu, kama hakuwahi kuzaliwa. Na kwa kuwa niligawanya kwa wale walioleta, kila aliyeondoka aliwaachia wenzake nyumba zake, na wastani ukapanda. Unaona mambo? Kadiri watu walivyonikimbia ndivyo nilivyozidi kuonekana kiongozi bora. Wangebaki wawili tu, wanakimbia kutwa nzima kutoka mlango hadi mlango, ningepewa tuzo.

Nilikwenda kumtafuta mmoja wa wale kumi na tisa, Mama Rispa. Alikuwa akiketi kutwa na bibi kipofu, anamsomea Biblia na kumchambulia mboga. Kwenye karatasi yangu ya ukutani alikuwa wa mwisho miezi mitatu mfululizo. Nilimkuta anapalilia. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia anaondoka. Akaegemea jembe.

"Uliniandika wa mwisho ukutani," akasema. "Mtoto wangu alikuja pale ofisini na mimi, akasoma. Njiani akaniuliza, 'Mama, hata kazi ya bure unashindwa?' Sasa hapo ningekujibu nini, Nanjala?"

Nilikuwa nimejitayarisha kujadiliana. Biashara haigombi, najua kushawishi. Lakini mtu aliyekupa siku zake bure huna bei ya kumpandishia. Nilichukua jembe la pili nikapalilia naye mistari miwili, nikaenda.

Ikabaki ripoti. Hapa nataka uelewe, mwanangu, kwamba ningeweza kunyamaza. Mkurugenzi alikuwa ameshafurahi. Namba zilikuwa za kweli. Hakuna mahali nilipoandika uongo. Mchuuzi mwenye gorogoro lililobonyezwa naye hasemi uongo, anajaza mkebe mbele ya macho yako. Usiku ule nilijadiliana na nafsi yangu kama ninavyojadiliana na dalali, na nafsi ikapunguza, nikapandisha, ikapunguza. Kilichonishinda ni kidonda cha Mzee Barasa. Kituo cha Bungoma kikifungwa, nani ataketi pale mpaka blanketi liinuliwe? Gari likipatikana?

Asubuhi niliweka mbele ya mkurugenzi karatasi mbili. Moja ilikuwa ile yangu ya nyumba. Ya pili ilikuwa na mambo mawili tu, ya vituo vyote viwili: walioanza ni wangapi, na waliobaki ni wangapi. Akazisoma zote. Akavua sweta, na hilo sikuwahi kuliona.

"Kwa hivyo nani ameshinda?" akaniuliza.

"Bungoma," nikasema. "Tena si kwa kidogo."

Chumba cha Kitale kilifungwa. Wahudumu kumi na tano waliobaki wakawekwa chini ya Kukhu Nekesa, aliyekuwa akija kila wiki mbili na daftari lake na chupa yake ya chai. Kile kiti chenye magurudumu kiliuzwa. Mimi nilirudi sokoni, na siku za Jumatano nikawa mhudumu wa kujitolea, nyumba moja kwa siku, ya yule bibi kipofu wa Mama Rispa, mpaka Mama Rispa mwenyewe aliposikia na kuja kuniambia kwamba mboga nazichambua vibaya, nisogee. Kati ya wale kumi na tisa walirudi saba. Kumi na wawili hawakurudi. Chebet alibaki, akapunguza mpaka nyumba mbili, na leo yeye ndiye anayewafundisha wengine jinsi ya kuketi.

Sasa sikiliza. Sisemi msipime. Wapo wazee watakaokuambia kazi ya huruma haipimwi, na wengi wao wanaficha mkebe chini ya meza. Kukhu alipima kuliko mimi. Alipima mpaka ndizi ya kubeba. Pima, na ujilinganishe na Bungoma, maana asiyetoka kwao husifu mapishi ya mama yake. Lakini kabla ya kulinganisha, geuza mkebe. Uliza ni nani aliyeutengeneza na yeye anauza nini. Uliza aliyeondoka anaandikwa wapi, kwa sababu kituo kinaweza kumwaga watu kama gunia lililotoboka na namba zako zikazidi kupendeza. Mwenzako akikushinda, au ukimshinda sana, usifurahi wala kununa kabla hujaenda kwake ukaketi. Waulize wahudumu wenyewe, na wale wanaotembelewa, kazi nzuri wanaijuaje. Watakuambia kitu ambacho hukukifikiria, kama mimi nilivyoulizwa habari ya chai. Na hizo rangi zako, nyekundu usiibandike mahali ambapo mtoto wa mtu atasoma. Anayejitolea hana mshahara wa kumpoza. Ana jina lake tu.

Mungu akupe watu wanaorudi. Akupe masikio marefu kuliko orodha yako, na mlango utakaobisha ufunguliwe mpaka ndani, na kikombe kisikose mkononi mwako. Ukipotea njia, akupe mtu wa kukucheka bila ubaya, kama mimi nilivyopewa kinuni kwa Kukhu, ambaye sasa amepumzika. Madaftari yake ninayo mimi. Njoo uyachukue, uone kama simu yako ina nafasi ya ile safu nyekundu.

Limebaki la jogoo. Mwezi uliofuata nilinunua mmoja mzuri sokoni, nilimpapasa kifua mara mbili, nikampelekea Mzee Barasa nilipe deni langu. Alishukuru sana. Kisha akamwita jirani, wakamchinja, wakanipikia mimi. Nikaenda nyumbani nadaiwa wawili. Mwaka uliofuata nikarudi na mwingine, ikawa vile vile. Nimejaribu kuku jike, nikidhani atamfuga, tulimla. Mwaka huu hesabu yangu imefika ishirini na tatu, nimehesabu mara mbili, na deni linapanda kila ninapolipa. Wewe umesoma na una simu ya kuhesabu. Nishauri, mwanangu: mtu kama huyu, nimlipe vipi?